Nani Anamngojea Mtoto Huyu? Somo Kutoka Katwe

Mazungumzo ya ofisi ya uhusiano wa polisi na jamii mbele ya wajumbe wa kamati za polisi jamii kutoka maeneo ya mpakani, waliokutana Kampala

  

Tutazungumza kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha inayotuunganisha wote tuliomo humu, awe mtu wa upande huu wa mpaka au wa upande wa pili. Tunakumbuka pia kwamba katika nchi yetu watu wengi waliisikia lugha hii kwa mara ya kwanza kinywani mwa askari, na aghalabu askari huyo alikuwa akiamrisha. Leo hatukuja kuamrisha. Tumekuja kusimulia habari ya mtu mmoja wa jiji hili, na baada ya hapo kuwaomba jambo.

Pengine mlitarajia tuanze na magendo, vibali vya kusafiria na njia za panya. Tutafika huko. Lakini kabla ya yote tunaomba ruhusa tuanze na aibu yetu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimoja cha mpakani, tulimkamata mvulana alfajiri akitoka kwenye njia ya panya, kichwani ana mfuko wa sukari. Sukari haikuwa yake. Kwa kila safari alilipwa fedha isiyofika bei ya sahani moja ya chakula. Tulipomuuliza umri wake alijibu kuwa ana miaka kumi na mmoja. Mwenzetu mmoja alimtazama akasema huyu hajapita tisa. Sheria ya Watoto ya Uganda inasema kwamba mtoto aliye chini ya umri wa miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai. Kwa hiyo tulimwonya, tukaandika jina lake kitabuni, tukampa chai, tukamwachia aende.

Baada ya majuma mawili tulimkamata tena, na tukamwonya tena. Mara ya tatu hakuwa amebeba kitu. Alikuwa ametangulia mbele ya wabebaji wanne wazima, akiwaonyesha mahali ambapo doria yetu haijafika. Alikuwa anatufahamu sote kwa majina, na zamu zetu alizijua kuliko baadhi yetu.

Tulikasirika, kama mnavyoweza kukisia. Tulisema mtoto huyu ameharibika. Hata hivyo, jioni ile tulipokaa kuandika taarifa, tuliona kwamba sheria tulikuwa tumeifuata, na bado kuna swali moja ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeliuliza mara zote tatu: mtoto huyu akitoka hapa, nani anamngojea? Maana yule mwenye sukari alikuwa akimngojea. Kila alfajiri, saa ile ile, mahali pale pale, na malipo mkononi. Katika kijiji kizima, mtu mzima pekee aliyekuwa na miadi na mtoto yule alikuwa mlanguzi.

Ndugu wajumbe, ni kwa ajili ya swali hilo tumechagua kuwaeleza habari za Robert Katende, mwana wa Kampala aliyelijibu kwa vitendo kabla sisi hatujajifunza hata kuliuliza.

Wale mliotoka Mutukula kwa barabara ya Masaka mlipita Nateete na Ndeeba kabla ya kufika katikati ya jiji. Hapo, upande wa kusini wa Mnara wa Saa, ndipo ilipo Katwe. Nchi nzima inaifahamu Katwe kwa mafundi wake wa chuma: ukihitaji jiko, geti, sufuria au kipuri ambacho dukani hakipatikani, unaambiwa nenda Katwe. Lakini nyuma ya karakana hizo kuna mabonde ambako nyumba zimebanana, na mvua kubwa inaponyesha maji huingia ndani na kuwaamsha watu usiku. Huko watoto wengi hukua bila shule kwa kukosa ada, wakichuuza mahindi, ndizi au chochote kinachoweza kumletea mama fedha ya jioni.

Katende hakuja Katwe kama mgeni wa umaskini. Alizaliwa mwaka 1982. Miaka yake ya mwanzo alilelewa na bibi yake kijijini, kisha akaja kuishi na mama yake katika kitongoji cha Nakulabye, hapa hapa Kampala. Mama huyo alifariki Robert akiwa bado mtoto, akabaki mikononi mwa ndugu. Kilichomshika asipotee ni masomo na mpira wa miguu, ambao aliucheza kwa bidii hata siku moja akaumia vibaya kichwani uwanjani. Alipona, akasoma, akawa msomi wa uhandisi. Angeweza kuifuata kazi hiyo na kuiacha mitaa ya namna ile nyuma yake, wala hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alijiunga na shirika la Kikristo liitwalo Sports Outreach, linalowafikia vijana kwa njia ya michezo, akarudi kwenye vumbi lile lile alilokulia.

Alianza na mpira. Watoto walikuja, wakacheza, wakapewa uji. Lakini macho yake yaliwaona wale ambao sisi wengine huwa hatuwaoni: watoto waliokaa pembeni ya uwanja. Wengine hawakuwa na nguvu, wengine waliogopa kuumia kwa sababu nyumbani hakukuwa na fedha ya hospitali. Walikaa, wakatazama, wakangoja uji. Mwaka 2004 Katende aliwaletea hao ubao mmoja wa sataranji, mchezo ambao wengi wenu mnauita chesi, na ambao yeye alijifunza akiwa shuleni. Kundi la kwanza lilikuwa la watoto wachache sana, mkono mmoja na nusu wa vidole.

Naomba tuueleze kidogo mchezo huu kwa wasioufahamu. Sisi wa Afrika Mashariki si wageni wa michezo ya kufikiri. Kuna mweso kwa Waganda, ajua kwa jirani zetu Waluo, bao kwa watu wa pwani, na drafti inayochezwa kwa vizibo vya chupa katika kila stendi ya bodaboda. Sataranji ni ndugu wa michezo hiyo. Ubao una vyumba 64, na kila upande una kete 16: mfalme, malkia, maaskofu, farasi, ngome, na mbele yao askari wanane. Askari ndiye kete ndogo kuliko zote. Kwa kawaida husogea hatua moja, daima mbele, wala harudi nyuma. Lakini akivuka ubao wote akafika mstari wa mwisho, hugeuzwa kuwa kete kubwa, hata malkia. Mtu aliyetueleza kanuni hiyo mara ya kwanza aliona sisi askari tunavyotazamana, naye akacheka.

Mchezo huu hauhitaji uwanja, viatu wala nguvu za mwili. Mvua ikinyesha unaendelea chini ya paa. Msichana na mvulana wanaketi sawa mbele ya ubao mmoja. Juu ya hayo, unamlazimisha mchezaji ajiulize kabla ya kugusa kete: nikifanya hili, mwenzangu atafanya nini, na mimi nitabaki wapi? Sisi tunaofanya kazi ya polisi tunajua jinsi swali hilo linavyokosekana. Vijana wengi tunaowakamata hawakupanga ubaya wa miaka kumi. Walikubali jambo moja dogo jioni moja, bila kutazama hatua ya pili.

Mwaka 2005 alifika hapo msichana mmoja wa miaka tisa hivi, jina lake Phiona Mutesi. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki, shule ilikuwa imemshinda kwa ada, na alikuwa akichuuza mahindi mitaani ili kumsaidia mama. Hakufuata sataranji. Alimfuata kaka yake kwa siri ili ajue anakokwenda kila siku, akachungulia, akaona watoto, akaona uji. Katende alimwita aingie. Watoto wengine walimcheka kwa uchafu wake, naye akawajibu kwa ngumi. Kesho yake alirudi akiwa ameoga. Mwalimu wake wa kwanza ubaoni hakuwa Katende mwenyewe. Alikuwa msichana aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kadhaa, ambaye alikuwa ametangulia kujifunza.

Tunaomba mlizingatie jambo hilo la mwisho. Katika kibaraza kile, aliyejua jana alimfundisha aliyekuja leo. Mtoto ambaye nyumbani alikuwa mzigo, na mtaani alikuwa kero, pale alikuwa mwalimu. Katende alikuwa mtu mmoja asiye na fedha nyingi, na kwa njia hiyo aliweza kuwafikia watoto wengi kuliko mikono yake.

Haikuwa rahisi. Baadhi ya akina mama walikuwa na wasiwasi. Huu ni mchezo wa wazungu, walisema. Kesho watakuja kuwachukua watoto wetu. Na hatuwacheki akina mama hao. Mzazi maskini ana haki ya kumshuku mtu anayemwita mtoto wake kwa chakula, na baadaye tutaeleza kwa nini shaka hiyo ni ulinzi. Katende hakuwadharau. Alikwenda majumbani, akakaa nao, akajieleza, akaacha kazi yake ionekane.

Alipotaka kuwapeleka watoto wake kwenye mashindano ya shule, yaliyofanyika King's College Budo, wahusika walisita, kwa kuwa watoto hao hawakuwa wa shule yoyote. Aliomba, akaomba tena, mpaka wakakubaliwa. Watoto waliokuwa wakilala chini wakaketi mbele ya watoto wa shule kubwa, wakagundua kwamba ubaoni hakuna anayeulizwa analala wapi.

Yaliyofuata yanajulikana duniani. Mwaka 2009 Phiona na wavulana wawili wa Katwe walisafiri hadi Juba, wakati huo ikiwa bado ndani ya Sudan, kwenye mashindano ya watoto wa Afrika, wakarudi na kombe la timu. Mwaka 2010 Phiona aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2012 huko Istanbul, Uturuki, ambako yeye na mwenzake Ivy Amoko walikuwa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata cheo cha kimataifa katika mchezo huo. Mwandishi wa Marekani Tim Crothers aliandika kitabu juu ya habari hii mwaka 2012. Mwaka 2016 ikatoka filamu, Queen of Katwe, iliyoongozwa na Mira Nair. Lupita Nyong'o, binti wa jirani zetu Wakenya, aliigiza kama mama, na David Oyelowo akaigiza kama Katende. Mwaka 2017 Phiona alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Northwest, jimbo la Washington nchini Marekani, akahitimu mwaka 2021.

Katende mwenyewe alibaki kwenye kazi yake. Kile kibaraza kilikua kikawa Chuo cha Sataranji cha SOM, na mbegu yake ikapandwa katika vitongoji vingine. Mwaka 2019 alitoa kitabu cha maisha yake, akisimulia jinsi mtoto asiye na ngome alivyojifunza kusimama. Wazo la namna hiyo limeonekana pia mbali na kwetu: huko Lagos, Nigeria, Tunde Onakoya alianzisha mwaka 2018 shirika linalowafundisha sataranji watoto wa mitaa ya mabanda, naye mwaka 2024 alicheza kwa saa 60 mfululizo huko New York ili kuchangisha fedha za elimu yao.

Ndugu zetu, si nia yetu kuwaambia kwamba kila mtoto wa Busia akipewa ubao atapanda ndege. Tukiwaambia hivyo tutakuwa tunawadanganya. Watoto wengi waliopita mikononi mwa Katende hawakupata kombe, wala hawakuandikwa kitabuni. Walipata kitu kidogo zaidi, na kwa kazi yetu ya usalama ni kitu kikubwa zaidi. Walipata saa maalumu ya siku ambapo kuna mtu mzima anayewatarajia, anayejua majina yao, na atakayeuliza wasipofika. Kombe la Juba lilikuwa tunda. Mzizi ulikuwa ile saa.

Tumetafakari juu ya kazi hiyo, na tunaona mambo matatu ambayo yeyote kati yenu anaweza kuyafanya bila kungoja mfadhili.

La kwanza ni uji. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mtoto mwenye njaa hasikii mawaidha, na anayemlisha ndiye atakayemtuma. Mlanguzi analijua hilo vizuri. Hapa Kampala, mwaka 2019, mamlaka ya jiji ilipitisha sheria ndogo inayokataza kuwapa watoto wa mitaani fedha au chakula barabarani, kwa hoja kwamba sadaka ya barabarani humfunga mtoto barabarani, na kwamba kuna watu wazima wanaowatuma watoto kuomba kisha wakachukua walichopata. Hoja hiyo ina uzito. Ila ukiuondoa mkono unaompa mtoto kitu barabarani, lazima uweko mkono mwingine unaompa mahali pengine. Vinginevyo tumemwondoa mbele ya macho yetu tu, tukaiacha njaa yake pale pale.

La pili ni saa. Katende hakuwatokea watoto siku anayotaka akatoweka siku nyingine. Mtoto aliyezoea kuahidiwa na kusahauliwa hupima watu wazima kwa jambo moja tu: je, kesho utakuwepo? Tunaliona hili hata kazini kwetu. Tunafanya mkutano mkubwa wa hadhara, tunagawa fulana, tunapiga picha, tunaondoka. Mwaka mmoja baadaye tunashangaa kwa nini hakuna anayetuletea habari. Afadhali askari mmoja anayekuja kila Jumamosi na ubao wa drafti kuliko msafara wa magari unaokuja mara moja.

La tatu ni macho. Katende alimwona aliyekaa pembeni. Huko kwetu mipakani mtoto huyo yupo. Ni yule anayezunguka kwenye foleni ya malori mchana wa siku ya shule. Ni yule binti anayelala jikoni kwa mama lishe ambaye si ndugu yake. Ni yule anayejua kubadilisha shilingi za nchi mbili kichwani upesi kuliko karani wa benki, lakini hajui kusoma jina lake. Mtoto anayeweza hesabu hiyo ana akili ya sataranji. Aliyeigundua mapema ni mlanguzi, na sisi tumechelewa.

Sasa tunawaomba jambo, na tutalisema kwa uwazi wa kazi yetu.

Kila kijiji cha Uganda kina makamu mwenyekiti wa LC, na kwa mujibu wa sheria yeye ndiye katibu wa mambo ya watoto. Wengi wenu mnamfahamu kama mtu wa kugonga mihuri. Rudini mkamkumbushe kazi yake. Mwombeni akae na walimu na akina mama wa soko, waandike majina ya watoto wasiokwenda shule. Orodha hiyo isiletwe kwetu ili tuwakamate. Iwe ya kijiji, ili kila jina lipate mtu mzima mmoja wa kuliulizia.

Kisha chagueni saa moja na mahali pamoja: uwanja wa shule baada ya masomo, kibaraza cha kanisa, ua wa msikiti, kivuli cha mwembe. Mchezo uwe wowote, mradi uwe na kanuni. Ubao wa sataranji ukikosekana, drafti yatosha. Unga wa uji uchangwe sokoni. Kikombe kimoja kwa kila kibanda kwa juma si mzigo.

Hapo ndipo tunapozirudia zile shaka za akina mama wa Katwe. Si kila anayewakusanya watoto ana nia njema. Tumewaona waliokuja na peremende na ahadi za shule mjini, na watoto wakaishia kuombaomba barabarani au kufanya kazi za ndani bila mshahara, ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo shughuli yoyote ya watoto ifanyike mahali pa wazi, wawepo watu wazima wawili au zaidi, mzazi ajue, LC ajue, na kituo cha polisi kijue. Mtu yeyote, awe mgeni au ndugu, akitaka kuondoka na mtoto kijijini kwa ahadi ya masomo au kazi, aulizwe mbele ya mzazi na mwenyekiti: anampeleka wapi, kwa nani, na atarudi lini. Mwenye nia njema hatakasirika kuulizwa, kama Katende alivyokubali kukaa na kujieleza.

Mkiona mtoto yumo hatarini, pigeni simu namba 116, ambayo ni bure na ni ya kuwasaidia watoto, au nendeni kwenye dawati la ulinzi wa mtoto na familia katika kituo kilicho karibu. Msiogope kwamba mtoto atafungwa. Sheria inatutaka tumjulishe mzazi au mlezi mara moja, tusimweke mtoto pamoja na watu wazima, tusimzuie kituoni zaidi ya saa 24 bila kumfikisha mahakamani, na pale inapofaa tumwonye na kumwachia. Mkiona askari yeyote anakwenda kinyume na hayo, semeni. Sisi tunaovaa sare hii tutakuwa wa kwanza kuwashukuru, hata kama siku hiyo nyuso zetu hazitaonyesha.

Nasi tuna letu la kutimiza. Kumwonya mtoto na kumwachia ni nusu ya kazi. Mtoto aachiwe mkononi mwa mtu, wala si mlangoni mwa kituo. Kabla askari hajafunga kitabu, aulize: nani anamngojea? Kama jibu ni hakuna, basi shauri hilo halijaisha, hata kama ukurasa umejaa.

Tunawadai mwisho wa habari ya yule mvulana wa sukari. Mara ya nne hatukumkamata. Usiku mmoja alipanda lori lililokuwa likivuka mpaka, pamoja na watu wasiojulikana kijijini. Baada ya siku tatu alikuja kituoni bibi kizee mmoja, ametembea kwa miguu. Sisi tulikuwa hatujui kwamba mtoto yule ana bibi, kwa sababu hatukuwa tumeuliza. Bibi huyo hakuja kulalamika. Alituomba tu tutazame katika kitabu chetu kama jina la mjukuu wake limo, maana alikuwa amesikia kwamba polisi huandika majina.

Tulifungua kitabu, tukamsomea. Lilikuwamo mara tatu, kwa mwandiko mzuri, pamoja na tarehe.

Alitushukuru, akaondoka. Tangu siku ile hatujaweza kuandika jina la mtoto kitabuni bila kumkumbuka.

Ndugu wajumbe, methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuta tumekwisha kuzijenga nyingi: vizuizi, mageti, vyumba vya mahabusu. Katende alianza na ubao mmoja na sufuria ya uji, akauziba ufa katika mtaa ambao wengi walikuwa wameukatia tamaa. Mtakaporudi makwenu, mtakaposhuka kwenye basi alfajiri pale stendi, tazameni pembeni. Yuko mtoto amekaa hapo. Muulizeni jina, kisha muulizeni anakaa kwa nani. Na kama hakuna anayemngojea, mpeni saa.